Moto wa Msituni Magharibi mwa Marekani na Kanada: Kujiandaa, Kuhama na Kuishi na Moshi

Mtu aliyekulia Kigoma, Uvira au Kitui anaujua moto wa nyika. Kiangazi kikikaza nyasi zinawaka, vijana wanatoka na matawi mabichi, wanaupiga, na jioni yamekwisha. Uzoefu huo ndio unaoweza kumponza mtu huyohuyo akihamia Boise, Spokane, Missoula au Kelowna. Moto wa huku huingia kwenye misonobari, hupanda hadi vileleni, na upepo hurusha cheche zinazotua kilomita moja au zaidi mbele ya moto wenyewe. Nyumba nyingi zinazoteketea hazikufikiwa na ndimi za moto. Ziliwashwa na cheche iliyoangukia majani makavu kwenye mfereji wa paa, au kapeti la mlangoni. Hapo tawi halisaidii kitu.

Tarehe 8 Novemba 2018 moto ulizuka karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi jirani na mji wa Paradise, California. Kabla ya adhuhuri magari yalikuwa yamekwama barabarani huku nyumba zikiwaka pande zote mbili, na moto huo uliua watu 85. Kule Fort McMurray, Alberta, Mei 2016, waliondoka watu zaidi ya 80,000. Wawili walifariki kwa ajali ya gari wakiwa njiani, na hakuna aliyeuawa na moto wenyewe. Upepo, idadi ya barabara na saa ya siku vilichangia tofauti hiyo, na hivyo vyote huwezi kuvipanga. Unachoweza kupanga ni lini wewe na wanao mtakuwa ndani ya gari.

Hata hivyo, wengi mnaosoma hapa hamtauona moto kwa macho. Mtapata moshi: siku tatu, wiki mbili, wakati mwingine kutoka jimbo la mbali kabisa. Juni 2023 moshi wa Quebec uliigeuza anga ya New York rangi ya machungwa. Kwa hiyo sehemu ya moshi hapa chini ndiyo ndefu kuliko zote.

Maneno ya onyo

Onyo linapofika kwenye simu huja kwa Kiingereza, na mara nyingi Kihispania. Kiswahili usikisubiri. Yajue maneno yafuatayo jinsi yalivyo, na watoto wanaosoma shule wayajue pia.

Red Flag Warning hutolewa na idara ya hali ya hewa: upepo mkali, hewa kavu, moto ukizuka utakimbia. Bado hakuna moto. Siku hiyo jaza tangi la gari, chaji simu, na usichome nyama nje.

Oregon, Washington na sehemu kubwa ya Idaho hutumia ngazi tatu. Level 1, Be Ready: kuna moto eneo hilo, panga vitu. Level 2, Be Set: hatari imekaribia, uwe tayari kuondoka dakika yoyote. Level 3, Go Now: ondoka sasa hivi, usirudi ndani kufuata kitu. California ina Evacuation Warning, kisha Evacuation Order. British Columbia wana Evacuation Alert, kisha Evacuation Order.

Mtego uko kwenye maneno Warning na Alert. Ukiyatafsiri unapata “onyo” na “tahadhari”, na mtu anaona bado ana nafasi ya kupika chakula cha jioni. Msimamo wetu hauna kona: nyumba yenye mtoto mchanga, mzee, mjamzito, mgonjwa wa pumu au isiyo na gari iondoke kwenye Level 2, Warning au Alert. Ngazi ya mwisho ni ya watu wazima wenye afya na gari lililokwishapakiwa, na hata wao wanacheza kamari.

Mpangilio wa simu unachukua dakika 15. Kwanza fungua mipangilio uhakikishe arifa za dharura zimewashwa. Wengi walizizima usiku ule simu ilipolia kwa sababu ya mtoto aliyepotea mji mwingine. Pili, jiandikishe kwenye arifa za kaunti yako: tafuta jina la kaunti pamoja na maneno emergency alerts, na ukiulizwa njia, chagua kupigiwa simu pamoja na ujumbe. Ujumbe haumwamshi mtu aliyetoka zamu ya usiku. Tatu, pakua programu ya Watch Duty, inayoonyesha moto na mipaka ya kuhama kwenye ramani ya majimbo ya magharibi mwa Marekani. Alberta wana programu yao iitwayo Alberta Emergency Alert. Jina la kaunti yako, na namba ya kanda kama kaunti yako inazo, liandike kwenye karatasi na kulibandika mlangoni mwa friji. Amri za kuhama hutaja kaunti, kanda na barabara, na watu wengi wanajua jina la mji tu.

Ujumbe wa Kiingereza ukiwa mrefu, unakili uweke kwenye programu ya kutafsiri. Kuhusu makundi ya WhatsApp: sauti ya mtu anayesema “moto umefika, kimbieni” bila saa wala jina la barabara usiisambaze. Muulize kwanza kaipata wapi, na saa ngapi.

Ukipiga 911 na Kiingereza chako si kizuri, taja anwani kwanza, kisha sema “Swahili” mara mbili na usikate simu. Watakuunganisha na mkalimani. Kimya cha sekunde kadhaa hakimaanishi wamekata.

Begi, na hesabu ya viti

Tuanze na viti, kwa sababu orodha nyingi za huku zimeandikiwa familia ya watu wanne. Nyumba ya watu wanane yenye gari la viti vitano haina mpango, ina matumaini. Hesabu leo. Kama viti havitoshi, zungumza sasa na jirani, ndugu wa kanisani au msikitini mwenye gari kubwa, mkubaliane kwa majina: Level 2 ikitangazwa, hawa watatu wanapanda na wewe. Usipange kwenda mara mbili, maana barabara ya kurudi huwa imefungwa. Viti vya watoto vihesabiwe pia. Asiye na gari kabisa apige 211 kabla ya msimu kuanza aulize usafiri wa dharura wa kaunti yake. Wana wakalimani wa simu. Amri ikishatoka na huna usafiri, piga 911.

Kwenye begi, nyaraka huenda kwanza, na si zote zina uzito sawa. Kadi ya kijani ikiungua unaomba nyingine kwa fomu I-90. Kadi ya Social Security hutolewa upya. Lakini cheti cha kuzaliwa kilichotolewa Kivu Kusini mwaka 1994, kadi ya mgao ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, cheti cha ndoa cha parokia, picha ya marehemu mama: hivyo havina ofisi ya kuvitoa tena. Viweke halisi kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa kwa zipu, pamoja na I-94 (rekodi yako ya kuingia Marekani), kibali cha kazi, hati za kusafiria, kadi za chanjo za watoto na mkataba wa nyumba. Kisha piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, ujitumie kwa barua pepe. Picha iliyo kwenye simu tu itapotea na simu.

Dawa za siku 7, pamoja na karatasi yenye jina la dawa na kipimo. Insulini hutoka kwenye friji dakika ya mwisho, kwa hiyo bandika karatasi ya kukukumbusha kwenye begi lenyewe. Miwani. Puliza ya pumu. Maji lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku 3. Haya yakae kwenye buti la gari kwa sababu ni mazito. Maziwa ya mtoto na nepi. Fedha taslimu za noti ndogo, kwa kuwa umeme ukikatika mashine za kadi hazifanyi kazi. Chaja ya gari, na betri ya akiba iliyojaa.

Nguo za safari nazo zina sababu. Sufu huungua taratibu, na pamba haiyeyuki. Nailoni na poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Vitenge vingi vya siku hizi ni poliesta, na mtandio laini wa shifoni pia. Weka pembeni suruali ndefu, shati la mikono mirefu, viatu vya kufunika mguu, na hijabu au lemba la pamba.

Mpangaji anaweza kufanya nini

Paa na kuta ni za mwenye nyumba. Lakini mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani, ambako cheche huwasha nyumba, mara nyingi iko mikononi mwako. Siku ya upepo ondoa kapeti la mlangoni, viatu, maboksi ya barazani, ufagio wa majani, kuni na mtungi wa gesi wa kuchomea nyama. Zoa majani yaliyojikusanya kwenye kona za ngazi: cheche husukumwa na upepo mpaka kona hizohizo. Mwandikie mwenye nyumba asafishe mifereji ya paa na aweke wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 3 kwenye matundu ya hewa ya dari. Ombi hilo liwe la maandishi, likae.

Saa ya kuondoka

1. Watu kwanza. Mmoja awahesabu kwa majina, awatie ndani ya gari. Hakuna mtoto anayetumwa kurudi ndani.

2. Begi, dawa za friji, simu, funguo.

3. Kama moto bado uko mbali na una dakika tano: funga madirisha na milango yote ya ndani na nje, zima kiyoyozi na feni, sogeza makochi na mapazia mepesi mbali na vioo. Taa za nje ziache zinawaka ili wazima moto waione nyumba ndani ya moshi. Gesi ifunge ukiwa unajua valvu ilipo na mamlaka za eneo lako zinaelekeza hivyo. Ukishaifunga, kuifungua ni kazi ya fundi wa kampuni ya gesi.

4. Usiache bomba la maji likimwagilia paa. Mtaa mzima ukifanya hivyo, presha inaisha kwenye mabomba ya wazima moto.

5. Mlango wa gereji wa umeme. Hapa watu wamekwama wakiwa ndani ya gari, injini inaunguruma. Umeme ukikatika, tafuta kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli juu ya gari, ivute chini mpaka usikie mlio wa kuachia, kisha inua mlango kwa mikono miwili kutoka katikati. Mlango wa zamani unaweza kuwa mzito kwa mtu mmoja, hasa mzee. Sheria ya California tangu Julai 2019 inataka mashine mpya ziwe na betri ya akiba, lakini nyingi zilizopo zilifungwa kabla ya hapo. Jaribu mchana mmoja wa Jumapili, na mama na kijana mkubwa wajaribu pia. Siku ya Red Flag, egesha gari nje, likitazama barabarani.

6. Njiani washa taa, funga vioo, weka hewa ya gari kwenye mzunguko wa ndani: kitufe chenye picha ya gari na mshale unaopinda. Fuata barabara anazoelekeza polisi. Programu ya ramani inaweza kukupeleka njia ya msituni kwa sababu inaiona haina magari. Haina magari kwa sababu watu wameikimbia.

Moto ukikuzingira ukiwa garini, na njia hakuna: egesha palipo wazi, kwenye lami au changarawe, mbali na miti na nyasi. Funga vioo na matundu ya hewa, washa taa za hatari, piga 911. Laleni chini ya usawa wa vioo, mjifunike blanketi la sufu. Kukimbia kwa miguu ndani ya moto ni hatari kuliko kubaki garini. Moto wa nyasi hupita ndani ya dakika chache, ingawa dakika hizo zitakuwa ndefu.

Hata kama utalala kwa binamu, pita kituo cha kupokelea watu ujiandikishe. British Columbia msaada wa chakula na malazi huanzia kwenye uandikishaji huo. Kwenye makazi ya dharura ya Msalaba Mwekundu huulizwi uraia wala kibali cha kuishi.

Moshi

Chembe zinazodhuru zina upana wa maikromita 2.5 au chini, kama moja ya thelathini ya unywele. Pua haizizuii, hufika ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana kitambaa chenye maji, kanga iliyokunjwa mara nne au barakoa ya upasuaji havitoshi: unaona unafuu wa harufu, chembe zinapita kama kawaida.

Marekani hupima ubora wa hewa kwa namba iitwayo AQI. Hadi 50 hewa ni nzuri. 51 hadi 100 ni ya wastani. 101 hadi 150 ni mbaya kwa watoto, wazee, wajawazito na wenye pumu au moyo. 151 hadi 200 ni mbaya kwa kila mtu, 201 hadi 300 mbaya sana, na zaidi ya 300 ni hatari kubwa. Namba hizo utazipata kwenye ramani ya moto na moshi ya AirNow, ambayo inaonyesha pia vipimo vidogo vya mitaani. Kanada wana kipimo chao, AQHI, cha 1 hadi 10: kuanzia 7 ni hatari ya juu. Usichanganye hizo mbili. AQI ya 10 ni hewa safi, AQHI ya 10 ni siku ya kukaa ndani.

Miji ya bondeni kama Missoula na Boise ina tabia yake. Usiku hewa baridi hulala bondeni na ile ya joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria, moshi ukabaki chini mpaka jua lipashe ardhi. Asubuhi ndiyo mara nyingi huwa mbaya kuliko mchana, kwa hiyo mtu anayefungua madirisha alfajiri “apate hewa” anaweza kuwa anauingiza moshi. Angalia namba kwanza, ufungue zikishuka, hata kama ni saa tisa mchana.

*Chumba kimoja safi*

Usijaribu kuisafisha nyumba nzima. Chagua chumba kimoja kinachoweza kulala familia, chenye madirisha machache na ikiwezekana bafu la ndani. Ziba nyufa za madirisha kwa mkanda wa gundi, weka taulo chini ya mlango, na uweke mashine ya kuchuja hewa ya aina ya HEPA inayolingana na ukubwa wa chumba. Mashine zinazotangazwa kutoa ozoni usinunue; ozoni yenyewe inaumiza mapafu.

Ndani ya nyumba punguza moshi wa kwako. Kukaanga samaki, chapati za mafuta, udi, ubani, mishumaa na sigara vinaweza kupandisha chembe ndani hata dirisha likiwa limefungwa. Chemsha, pika ugali na mboga za kuchemsha, udi usubiri. Usifagie kwa nguvu wala kutumia mashine ya kufyonza vumbi isiyo na HEPA. Futa kwa kitambaa kibichi.

Kiyoyozi cha nyumba nzima kiwekwe kwenye mzunguko wa ndani, na chujio lake liwe la kiwango cha MERV 13 (namba kubwa huchuja zaidi) kama mashine inalihimili. Cha dirishani: funga kijimlango chake cha hewa ya nje. Cha kusukuma chenye bomba moja la dirishani huvuta hewa ya nje kupitia nyufa za nyumba, na kipoozeo cha maji huingiza hewa ya nje moja kwa moja. Hivyo viwili si vya siku ya moshi mzito. Joto likizidi na huna njia ya kupoza, usijifungie mpaka mzee azimie. Nenda maktaba, dukani au kituo cha hewa safi cha mji. Joto linaua haraka kuliko moshi.

*Sanduku la feni na filta nne*

Hili lilibuniwa 2020 na Richard Corsi na Jim Rosenthal. Ni nafuu kuliko mashine nyingi za dukani na kazi yake ni ya kuaminika. Unahitaji feni ya mraba ya inchi 20 pamoja na boksi lake, filta 4 za inchi 20 kwa 20 zenye alama ya MERV 13, mkanda mpana wa gundi na kisu.

1. Kagua feni: iwe imetengenezwa 2012 au baadaye na iwe na alama ya usalama kama UL. Feni kuukuu inaweza kupata moto ikibanwa hewa.

2. Tafuta mshale kwenye fremu ya kila filta. Simamisha filta nne ziwe kuta za mraba, mishale yote ikitazama ndani. Hili ndilo kosa la kwanza la watu: filta moja ikigeuzwa, inashika vumbi vibaya na kulegea mapema.

3. Ziba pembe nne kwa mkanda kutoka juu hadi chini, ukiubana kwa kucha.

4. Kata kipande cha boksi cha inchi 20 kwa 20, kibandike chini kama sakafu.

5. Laza feni juu, ikipuliza hewa kuelekea darini. Bandika kingo zote.

6. Kata kipande kingine cha mraba, toboa duara la kama inchi 15 katikati, ubandike juu ya uso wa feni. Pembe za feni haziguswi na mapanga, kwa hiyo hewa hurudi ndani kupitia hapo. Kipande hiki kinaziba njia hiyo na nguvu ya sanduku inaongezeka waziwazi.

7. Washa, kisha pitisha karatasi laini ya chooni kwenye maungio. Ikivutwa na kunata, pana tundu. Ongeza mkanda.

Liweke chini, mbali na ukuta na mapazia, waya uingie moja kwa moja ukutani bila kiunganishi. Filta nyeupe zikigeuka kijivu cheusi zibadilishe: vaa barakoa, zifunge kwenye mfuko, ufanyie kazi hiyo nje. Ukiuziwa MERV 8 kwa bei poa, waachie. Inashika vumbi la kawaida, chembe za moshi nyingi zinapita. Kama fedha ya filta nne haipo, filta moja ikibandikwa nyuma ya feni, mshale ukielekea kwenye feni, inasaidia kwa chumba kidogo.

*Barakoa*

Barakoa inayozuia chembe hizi ni N95. Ina kamba mbili za kuzunguka kichwa: ya juu kisogoni kwa juu, ya chini shingoni chini ya masikio. Zisipishane. Bana chuma cha pua kwa vidole viwili, pumua kwa nguvu. Ukihisi hewa machoni au mashavuni, haijakaa. Anayevaa hijabu avae barakoa kwanza, hijabu ije juu yake. Ndevu zinavunja muhuri, hata za siku mbili. Usiifue. Mtoto chini ya miaka 2 havalishwi, na wadogo wengi N95 haziwatoshi. Kinga yao ni chumba safi.

Wanaochuma matunda au kujenga nje: California inamtaka mwajiri atoe barakoa za N95 AQI ya moshi ikifika 151, na Oregon ikifika 101. Ni haki, si hisani.

Nenda hospitali au piga 911 ukiona mtu hawezi kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo au kucha zinageuka kijivu, kifua kinabana, amechanganyikiwa, au puliza ya pumu haisaidii. Mtoto anayepumua huku ngozi ikizama kati ya mbavu asisubiri.

Jambo moja ambalo huua kimyakimya: umeme ukikatika, jiko la mkaa haliingii ndani, hata dirisha likiwa wazi, hata kwa kuchemsha chai tu. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha.

Kurudi nyumbani

Subiri tangazo rasmi. Ukifika, majivu yachukulie kama sumu, kwani yamebeba rangi, plastiki, betri na wakati mwingine asbesto. Vaa N95, glavu, mikono mirefu. Nyunyizia maji kidogo kabla ya kuzoa. Usitumie mashine ya kupuliza majani. Watoto wabaki kwingine. Chakula cha friji iliyokaa bila umeme zaidi ya muda wa saa nne kitupwe. Friza iliyojaa na isiyofunguliwa hustahimili kama siku mbili.

Kuhusu maji, desturi yetu inaweza kutudhuru. Tumezoea kuchemsha. Baada ya moto wa Santa Rosa 2017 na wa Paradise 2018, benzini iligundulika kwenye mabomba ya mji. Kuchemsha hakuiui, kunaitoa kwa mvuke hewani, unaivuta. Tangazo likisema Do Not Drink, maji hayo usiyanywe hata ukiyachemsha; Do Not Use maana yake usiyaguse hata kuoga. Boil Water ndilo pekee linaloruhusu sufuria.

Kabla ya kufuta chochote, piga picha kila chumba na kila kitu kilichoharibika. Bima ya mpangaji, kwa wanaoilipia, mara nyingi hugharimia pia hoteli na chakula cha ziada wakati wa amri ya kuhama, kwa hiyo tunza risiti tangu siku ya kwanza. Anayepokea SNAP, msaada wa chakula wa serikali, na chakula kimeharibika aripoti ofisini kwake ndani ya siku 10.

Rais wa Marekani akitangaza janga na kuruhusu msaada kwa watu binafsi, jiandikishe FEMA, idara ya majanga ya serikali kuu, kwenye DisasterAssistance.gov au 1-800-621-3362, ukiomba mkalimani. Kwa kawaida muda ni siku 60 tangu tangazo. Wakimbizi waliopokelewa, waliopewa hifadhi na wenye kadi ya kijani wanaweza kuomba; mzazi asiye na hadhi hiyo anaweza kuomba kwa jina la mtoto wake mdogo aliye raia. Kuomba ni bure, na anayedai ada ya “kukusaidia kujaza” ni mwizi. Mkaguzi halisi huonyesha kitambulisho na hakuulizi namba ya benki mlangoni.

Barua ya kwanza ikisema hustahili, soma sababu kabla ya kuitupa. Mara nyingi inakosekana karatasi moja: barua ya bima, bili ya umeme inayoonyesha unaishi hapo, sahihi. Una siku 60 tangu tarehe ya barua kukata rufaa. Tuma karatasi hiyo ukiandika namba ya maombi kwenye kila ukurasa.